Kabla ya Kuomba Uzamivu wa Elimu ya Maarifa ya Jamii, Tafuta Swali Lako Darasani

Walimu wanaotaka kusoma uzamivu (PhD) katika ufundishaji wa Maarifa ya Jamii huniuliza kwanza chuo kipi ni kizuri. Nami huwauliza: ni jambo gani la darasani kwako linalokukosesha usingizi? Mwenye jibu, mengine tutayapanga. Asiye nalo namsihi asubiri, kwa sababu miaka minne, mitano au hata sita ni mirefu mno kuishi na mada uliyoichagua kwa kuwa inasikika vizuri.

Pendekezo langu la kwanza lilihusu mchango wa Maarifa ya Jamii katika kujenga uzalendo. Nililipenda sana. Msimamizi wangu wa pili (habari za wa kwanza zinakuja) alilisoma lote, akavua miwani. "Mwalimu," akasema, "tuseme umekaa dawati la nyuma na kipindi kinaendelea. Huo uzalendo utauona wapi?" Nilizunguka weee, sikufika popote. Akaniambia nikaandike kisa kimoja tu cha darasani ambacho bado kinanisumbua.

Kisa nilikuwa nacho. Siku moja nafundisha chanzo cha vita, binti mmoja akanyoosha mkono. Mbele yake alikuwa amefungua vitabu viwili. "Mwalimu, hiki kinasema hawa ndio walioanza, na hiki kinasema ni wale. Tushike kipi?" Nikamjibu washike cha mtaala, ndicho kinachotoka kwenye mtihani. Akakifunga kile kingine taratibu, akakisukuma pembeni ya dawati. Yule mtoto alikuwa ameuliza swali kubwa kuliko yote katika somo letu, nami nilimnyima jibu. Tasnifu yangu nzima ilitoka kwenye vitabu vile viwili.

Nilipoingia kwenye mapitio ya machapisho nikakuta wengine wameshaipita njia hiyo kabla yangu. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha utafiti ambao wanahistoria 8 na wanafunzi 8 wa sekondari walisoma nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington, Marekani, ya mwaka 1775, huku wakisema kwa sauti wanachowaza. Wanahistoria walitaka kujua kwanza nani kaandika, lini na kwa nini, kisha wakalinganisha waraka na waraka. Wanafunzi kwa kawaida walisoma kutoka juu hadi chini kama wanavyosoma kitabu cha kiada. Watu 16 tu! Mimi nilikuwa naamini kwamba bila mamia ya madodoso hakuna uzamivu. Swali dogo lililoulizwa vizuri linaweza kubeba kazi kubwa.

Ujue pia ubishi wa fani yako. Maarifa ya Jamii ni somo moja, au ni historia, jiografia na uraia vilivyofungwa kamba moja? Ubishi huu ni wa siku nyingi. Ripoti ya Marekani ya mwaka 1916 ndiyo iliyolipa somo hili nafasi rasmi katika shule za sekondari za huko, na mwaka 1968 waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa kujadili lichukue sura gani barani. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Barr, Barth na Shermis walieleza mikondo mitatu ya kulifundisha: kurithisha uraia, kufundisha sayansi za jamii, na kumzoeza mwanafunzi kuchunguza na kutafakari. Siku ya kutetea tasnifu yangu, kabla ya kugusa data zangu, mtahini aliniuliza mimi nasimama wapi kati ya hiyo mitatu. Uwe na jibu, na uwe unaliamini.

Sasa msimamizi. Ana uzito kuliko jina la chuo. Wa kwanza niliyepangiwa aliipitisha mada yangu ya uzalendo bila swali hata moja, kisha akakaa na sura yangu ya pili miezi 8 bila neno. Nilijilaumu muda wote huo, nikadhani kazi yangu haifai. Wewe usisubiri. Kabla hujakubali, zungumza na wanafunzi anaowasimamia sasa, na ukiweza na walioacha njiani. Waulize jambo moja: akipokea sura, huirudisha baada ya muda gani?

Kibali cha maadili ya utafiti kiombe mapema. Wahusika wako ni watoto, hivyo utahitaji ridhaa ya wazazi na ya watoto wenyewe, na fomu huchelewa kurudi.

Halafu rekodi za sauti za darasani ziandike neno kwa neno kwa mkono wako mwenyewe. Saa moja ya sauti ilinila saa tano, na wengi walinishauri nimlipe mtu anifanyie. Nafurahi sikufanya hivyo. Nikirudia rekodi moja kwa mara ya tatu, vipokea sauti masikioni, nikasikia nyuma ya sauti ya mwalimu kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake juu ya kitabu: "Kwani huyu aliyeandika alikuwepo?" Mwalimu hakumsikia. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya darasa lile, nami sikumsikia. Sura ya tano ya tasnifu yangu inaanza na maneno hayo.