Vitamu vya kupikia kundi mkienda kempu kipindi cha baridi

Wadau habari za sa hizi. Mwezi wa sita ukiisha tu, watu wa Dar tunaanza kuulizana nani ana hema, nani ana gari, tunaenda kulala wapi tusikie baridi. Kundi letu tuko kama 12, majirani wa Sinza, ndugu na watoto, na mara nyingi tunaishia Lushoto, kule juu upande wa msitu wa Magamba. Mimi ndo nashika jiko. Wali na nyama kila mtu anajua, ila nachotaka kuongelea leo ni kile kitamu cha baada ya chakula, maana kwenye baridi ndo kinachofanya watu wabaki pamoja kwenye moto badala ya kila mtu kukimbilia blanketi lake saa mbili usiku.

Mwaka wa kwanza nilipanga kaimati. Nikakanda unga saa kumi jioni vilevile nnavyokanda nyumbani mwezi wa Ramadhani, na nyumbani lisaa limoja tu unga ushasukuma mfuniko. Kule mpaka saa tatu usiku unga umelala vilevile, nikasogeza bakuli karibu na moto, upande mmoja ukaanza kuiva, upande mwingine wa baridi kabisa. Watoto walisubiri mpaka wakasinzia. Iliniuma kiukweli, kwa sababu niliwaahidi toka tuko Chalinze. Hamira inataka joto, na Lushoto mwezi wa saba usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi, huko juu ndo kabisa, sasa hamira itaumukia wapi?

Toka hapo nikajiwekea utaratibu mmoja: kazi yote ya mikono naimaliza Dar, kambini nabakiza kupasha na kupakua tu. Fikiria uko gizani, vidole vimekufa ganzi, maji ni kama yametoka friji, alafu uanze kukuna nazi na kumenya iliki. Hapana.

Kinachonitoa kila mwaka ni tambi za sukari. Nyumbani nazikata vipandevipande, nazikaanga na mafuta kidogo mpaka ziwe rangi ya kahawia, zikipoa nafunga kwenye mfuko pamoja na sukari, zabibu kavu na iliki iliyotwangwa. Kwa watu 12 natumia pakiti 2 za tambi, sukari kikombe na nusu. Kule naweka vikombe 4 vya maji na 2 vya tui kwenye sufuria, vikichemka namwaga mfuko wote, nafunika, napunguza makaa, basi. Ila ujue kwenye milima mambo yanachelewa, Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari na Magamba ni juu zaidi, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo kama Dar ni dakika kumi kule usishangae ikifika kumi na tano, ongeza maji kidogokidogo usije ukaunguza chini.

Tui nalo lina habari yake. Tui bichi kutoka Dar likikaa kwenye buti la gari mpaka Mombo linachacha. Mimi nalikamua siku moja kabla, natia kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, sijazi mpaka juu kwa sababu likiganda linatanuka, alafu friza. Siku ya safari linaingia kwenye deli likiwa jiwe, linapooza na vitu vingine njiani, na tukifika ndo linaanza kuyeyuka. Usiku ukiliona lina mabonge meupe juu usilimwage, halijaharibika! Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndo maana Dar hatuoni sana hiyo kitu. Lipashe taratibu huku unakoroga, usiliache likachemka kwa fujo litakatika. Kama hiyo kazi yote huitaki nunua la kopo, hakuna atakayekulaumu.

Tui hilohilo ndo nalipikia ndizi mzuzu zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa na madoa meusi. Ndizi 12, moja kwa kila mtu, zinamenywa palepale maana ukizimenya Dar zitafika nyeusi. Sukari kidogo tu, ndizi yenyewe tamu.

Kwa wenye watoto, ndizi za kwenye foili. Chukua ndizi mbivu ya kawaida usiimenye, ipasue kwa urefu upande mmoja, shindilia vipande vya chokoleti au kashata ya karanga iliyopondwa, ifunge kwenye foili, iweke juu ya makaa yaliyobaki baada ya kupika chakula, dakika nane mpaka kumi. Kila mtoto atengeneze yake mwenyewe, wanapenda hiyo kuliko hata kula. Ila mtu mzima ndo azitoe na kuzifungua, chokoleti ya ndani inakuwa ya moto sana na mtoto hana subira. Mkipita Segera nunueni machungwa, msimu huo yanapatikana, kamulia chungwa moja juu ya ndizi na utaniambia.

Na siku ya kufika, ambayo kila mtu kachoka na mahema bado hayajasimama, usipike kitu kabisa. Beba visheti kutoka nyumbani, vinakaa hata wiki kwenye ndoo yenye mfuniko, pika chai ya tangawizi tu. Shira ya visheti itie matone ya ndimu wakati inachemka ili isirudi kuwa sukari ngumu.

Kuhusu moto. Mtungi mdogo wa gesi kwenye baridi kali unazubaa, moto unakuwa mdogo hata kama gesi ipo, na tafadhali usiusogeze kwenye moto eti uupashe. Vitamu vyote nilivyotaja vinapikika kwa makaa, mimi gesi naiachia chai ya asubuhi. Alafu hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeshamkuta mtu wa kundi letu anataka kufanya: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo, hata kama umeacha zipu wazi. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, mtu anasinzia na haamki. Shemeji yangu alikuwa anatetemeka kweli usiku ule, nikamwambia shem, njoo ukae huku kwenye moto nikupe chai na tambi za moto ushike bakuli kwa mikono miwili, blanketi la ziada lipo. Alikaa na sisi mpaka saa sita.

Kabla ya kulala, vyakula vyote virudi kwenye gari, sukari inaita siafu na kima wa Magamba wanaamka mapema kuliko nyie. Sufuria ya tambi kama zimebaki ifunike ikae kwenye gari hivyohivyo na baridi lake. Asubuhi ile nazi inakuwa imegandisha kila kitu, unakata kwa kisu kama keki, unaweka vipande kwenye kikaango kikavu mpaka chini vinakuwa na ukoko, hapo na chai ya rangi. Kwetu watu wameshaanza kuniomba nipike nyingi usiku makusudi zibaki.