Maswali yenu kuhusu Wasami, reindia na safari ya winta

Jamani maswali yamekuwa mengi kwelikweli tangu niseme kwamba winta ndo muda mzuri wa kupanda juu kaskazini kwa Wasami, mengi yanafanana kwahiyo nimeyaunganisha. Kwa asiyewajua, Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola kule Urusi, ardhi yao wenyewe wanaiita Sápmi, wanakadiriwa kama elfu 80 hivi na wengi wako Norwei. Reindia ni yule mnyama wa baridi wa jamii ya kulungu, mwenye pembe za matawi, ambae wanamfuga. Haya tuanze.

Niende wapi na lini? Nina wiki moja tu na nataka kuonana na Wasami wenyewe, Santa sina shida nae. (Dar es Salaam)

Wiki ya kwanza ya Februari, hapo sisiti hata kidogo. Tarehe 6 Februari ni sikukuu ya taifa la Wasami, wanakumbuka mkutano wao mkubwa wa kwanza uliofanyika Trondheim mwaka 1917, na siku hizo kaskazini yote inachangamka. Tromsø, mji wa pwani kaskazini ya Norwei, kunakuwa na wiki nzima ya Wasami, kuna mashindano ya kurusha kamba ya kunasia reindia na kuna mbio za reindia katikati ya mji, pale pale barabara ya Storgata penye maduka, mnyama anatimua mbio huku nyuma anamvuta mtu aliesimama kwenye skii, na watu wamejipanga pembeni wanashangilia mpaka sauti zinakauka.

Ila kama roho yako inataka kitu kikubwa zaidi nenda Jokkmokk, upande wa Uswidi. Soko lao linaanza Alhamisi ya kwanza ya Februari na limekuwepo tangu 1605, mfalme Karl IX alitaka watu wakusanyike sehemu moja ili biashara aione na kodi aichukue, yeye kaondoka na kodi zake soko likabaki. Wasami wanakuja kutoka kila upande, wanakutana ndugu, wanauza visu vya mifupa na pembe, ngozi, nyama kavu, vikombe vya mbao. Baridi ya hasi 30 pale ni kawaida, na vyumba vinajaa mapema mno kwahiyo ukisubiri Januari ndo utafute pa kulala utalia. Ukichoka na baridi ingia makumbusho ya Ájtte, ipo hapo hapo mjini na inaeleza maisha ya Wasami kwa kina, mimi ningeanza nayo kabla hata ya soko.

Desemba nayo ina watu wake lakini mjue kwamba Tromsø jua halichomozi kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, mnapata masaa machache tu ya mwanga wa bluu. Machi mwanga ni mwingi na theluji bado ipo. Pasaka ni Kautokeino, mji wa Wasami bara kule Norwei, harusi juu ya harusi, na mbio za reindia.

Kuhusu Rovaniemi, mji wa Santa: uko nje ya eneo ambalo sheria ya Ufini inalitambua kama nyumbani kwa Wasami. Eneo hilo ni Utsjoki, Inari, Enontekiö na sehemu ya kaskazini ya Sodankylä. Kwahiyo ukishuka Rovaniemi panda basi uende Inari, ni kilomita 300 na ushee, kule kuna bunge la Wasami wa Ufini na makumbusho ya Siida, ambayo mwaka 2021 ilirudishiwa vitu zaidi ya 2,200 vya Wasami vilivyokuwa Helsinki miaka yote hiyo. Ukisimama mbele ya vitu vilivyorudi kwao, mwenyewe utajua kwanini nakwambia uende.

Nitajuaje kama ninaowalipa ni Wasami kweli na sio maigizo? (Bukavu, anaishi Tampere)

Hili ndo swali la maana kuliko yote humu, na nashukuru umeliuliza. Kwa miaka mingi Ufini watu wasio Wasami wamevaa nguo za kuigiza mavazi ya Kisami na kucheza "uganga" wa uongo mbele ya watalii, kupaka watu masizi usoni na mambo ambayo hayapo kabisa kwenye mila yao. Imewaumiza sana, mpaka mwaka 2018 bunge lao la Ufini likapitisha miongozo ya maadili ya utalii wa Kisami.

Kwahiyo kabla hujalipa tuma meseji uliza maswali ya moja kwa moja: nani mwenye kampuni, reindia ni wa nani, familia inatoka siida gani (siida ni kundi la familia zinazochunga pamoja). Msami atakujibu kwa raha, mara nyingi atakwambia mpaka bibi yake alitoka wapi. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta wengine. Na jueni kwamba Ufini mtu asiye Msami anaruhusiwa kisheria kufuga reindia, Uswidi haki hio ni ya Wasami, Norwei nako kwa sehemu kubwa ni yao. Kwahiyo shamba la reindia peke yake Ufini sio ushahidi, linaweza kuwa la Mfini mkweli kabisa anaefuga kwa haki yake, hakuna ubaya, ila usirudi nyumbani ukasema ulikuwa kwa Wasami.

Reindia anapandwa kama farasi? Na anang'ata? (Arusha)

Hapandwi. Kuna jamii za Siberia wanaopanda wa kwao, ila Wasami wanamtumia kuvuta sleji (kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji), na anaevuta kwa kawaida ni dume aliehasiwa maana ndo mtulivu. Mnaenda taratibu tu, mwendo wa kutembea, ukitegemea spidi utaboreka, ukitulia utasikia kitu kizuri sana: kila akikanyaga kuna sauti ndogo ya tik, tik, tik. Ni kano za miguuni zinateleza juu ya mfupa, na kundi zima likitembea hizo tik zinajaa mpaka unazisikia kabla hujawaona.

Kung'ata sio tabia yake, shida ni pembe. Ukiwa unamlisha weka chakula kwenye kiganja kilichonyooka, simama wima, na wakija wengi rudi nyuma kidogo maana wanasukumana na pembe iko usawa wa uso wako ukiinama. Usiwashike pembe wala kuwapapasa kichwani, wengi hawapendi, ni mifugo ya porini nusu sio paka wa nyumbani. Mikono yako itanuka chakula chao, midomo yao ni laini ajabu na ina manyoya, inatafuta kwenye kiganja kama vidole.

Alafu angalia pembe. Madume wakubwa wanaziangusha baada ya msimu wa kupandana, majike wengi wanabaki nazo mpaka karibu na kuzaa mwezi wa Mei, kwahiyo ukiona pembe mwezi wa tatu kuna uwezekano mkubwa unamtazama mama mwenye mimba, na hizo pembe ndo anazotumia kufukuza wengine kwenye shimo la chakula alilolichimba kwa kwato. Na macho: kiangazi ndani ya jicho lake ni rangi ya dhahabu, winta inageuka bluu nzito ili aone gizani. Muumba kamjalia.

Nikimuuliza mwenyeji ana reindia wangapi ni vibaya? (Narok)

Wewe wa Narok unajua jibu, maana hata mzee wa Kimaasai humuulizi hesabu ya ng'ombe zake kienyeji hivyo. Ni sawa na kumuuliza mtu akaunti yake ina shilingi ngapi. Uliza badala yake kuhusu alama za masikio, kila mfugaji ana mkato wake ndani ya sikio la ndama na anautambua kutoka mbali, hapo mtaongea mpaka kahawa iishe.

Nyama ya reindia ni halali? Na nitakula nini kama sili? (Muscat)

Mnyama mwenyewe hana tatizo, ni mla majani, anacheua, jamii ya kulungu. Swali liko kwenye kuchinja. Norwei na Uswidi sheria inataka mnyama apoteze fahamu kwanza kabla ya kisu, sasa wapo wanaoona sawa na wapo wasioona sawa, hilo muulize shehe wako unaemuamini. Ukiamua kutokula, sema siku unayobook usingoje mpaka sahani iko mbele, watakupikia samaki, na samaki wa kule ni mtamu sana. Chakula chenyewe wanachowapa wageni mara nyingi ni bidos, nyama ya reindia imechemshwa polepole na viazi na karoti, chumvi tu, haina viungo vingi na haivihitaji.

Mtakula ndani ya lavvu, lile hema lao refu la nguzo, mmekaa juu ya ngozi za reindia mmezunguka moto. Msikatize nyuma ya moto upande unaoelekeana na mlango, kwa mila ndo sehemu ya jikoni na ina heshima yake. Moshi ukikufuata kaa chini zaidi.

Baridi nitaiweza? Natoka Tanga! (Tanga)

Utaiweza. Tromsø ni pwani, maji ya bahari yanapunguza makali, mara nyingi ni hasi chache tu. Bara ndo kwenye kazi, Karasjok na Kautokeino wanafika hasi 40. Ndani vaa sufu, sio pamba, pamba ikishika jasho inakuganda mwilini. Viatu viwe vikubwa kidogo soksi mbili ziingie bila kubana, maana kidole kikibanwa damu haifiki. Makampuni mengi yanakuazima ovaroli nzito na mabuti. Simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili, chaji inaisha mnaangaliana.

Bado wanaishi kwenye hema? Na naweza kuomba waniimbie? (Kampala)

Wanaishi kwenye nyumba, wana magari na pikipiki za theluji, ni walimu, madaktari, wavuvi, wanasheria, na wanaofuga reindia ni wachache kati yao. Lavvu ni ya malishoni, ya sherehe na ya wageni.

Wimbo wao unaitwa yoiki, na yoiki ya mtu inamleta huyo mtu mwenyewe pale mlipo, sio wimbo wa kumsifia. Wamisionari waliipiga vita kama dhambi, ngoma zao zilichomwa, na shule za bweni za Norwei watoto walikatazwa lugha ya mama zao. Tume ya ukweli ya Norwei ilitoa ripoti Juni 2023, na Novemba 2024 bunge la Norwei likaomba radhi. Kuna wazee walio hai leo waliopitia hizo shule. Kwahiyo usiombe kama unavyoomba DJ wimbo. Akiamua mwenyewe kukuyoikia pale kwenye moto, shusha simu usikilize. Ukitaka kujiandaa kabla ya safari msikilize Mari Boine, mwimbaji wa Kisami, atakufungua masikio.

Naweza kununua lile vazi lao nikapigie picha? (Nairobi)

Gakti hapana, tafadhali. Vazi hilo linasema mtu anatoka wapi na ni wa ukoo gani, ukilivaa wewe linasema uongo. Nunua kazi za mikono zenye lebo ya Sámi Duodji, hio ni alama kwamba kimetengenezwa na Msami: kisu, bangili ya ngozi na uzi wa bati, au guksi, kile kikombe cha mti wa birchi. Bei ni kubwa, kazi ya mikono ni siku nyingi.

Viza? (wengi)

Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Norwei, Uswidi na Ufini zikiwemo. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla. Omba mapema.

Nilisikia wanapokonywa malisho kwa ajili ya umeme wa upepo, ni kweli? (Mombasa)

Ni kweli, na mimi linaniuma. Kule Fosen, Norwei, ilijengwa mitambo 151 ya upepo kwenye malisho ya winta ya Wasami wa kusini, na Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei ikasema kwa kauli moja vibali vile vilivunja haki yao ya utamaduni. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wa Kisami wakaenda Oslo wakakaa ndani ya wizara mpaka polisi wakawabeba. Mwisho wafugaji wakafikia makubaliano na makampuni, Desemba 2023 na Machi 2024, lakini mitambo ipo mpaka leo. Juu ya hapo tabianchi: siku hizi mvua inanyesha katikati ya winta, maji yanaganda juu ya theluji, reindia hawezi kuchimba kufikia chakula chake, wafugaji wanalazimika kununua lishe ya gunia kwa gharama kubwa. Waulize wenyeji wako kuhusu hili, wengi wanataka mgeni ajue.

Nitakodi gari. Nikikutana na reindia barabarani? (Stavanger)

Punguza mwendo mara moja na usipige honi kumkimbiza, mmoja akivuka ujue nyuma wapo wengine. Ngoja. Winta anaishi kwa akiba ya mafuta mwilini, kila mbio unayomkimbiza inakula hio akiba, ndo maana pia hamtakiwi kuwasogelea kwa pikipiki ya theluji wala kurusha droni juu ya kundi. Ukimgonga, hata akiondoka anachechemea, piga simu polisi useme mahali ulipo, wana utaratibu wa kumpata mwenye mnyama kwa ile alama ya sikio, aje ammalize asiteseke porini na alipwe haki yake.