Kabla Hamjazamisha Bodi la Matatu Ziwani

Vijana wa vikundi hapa Kisumu hunitumia video zinazofanana: mtambo mkuukuu wa mafuta umelazwa chini ya bahari huko Marekani, na samaki wamejaa kila upande. Swali hufuata hapo hapo. "Mwalimu, mabodi ya matatu yamelala tu kule Kibuye. Tuyazamishe ziwani pale Dunga, samaki warudi?" Mimi husaidia vikundi kuandika maombi ya ufadhili, na jibu hili nimelirudia hadi nimechoka kulisema kwenye simu.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Sehemu kubwa ya sakafu ya Ghuba ya Mexico ni matope, kwa hiyo chuma kilichosimama majini huwa makao: sifongo, kome na matumbawe hujishikiza, samaki wakafuata. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilifungua njia, majimbo kama Louisiana na Texas yakaanzisha mipango yao, na kufikia sasa mitambo zaidi ya 500 imegeuzwa miamba bandia.

Ila video huanzia mwisho. Kabla ya hapo visima vimezibwa kwa saruji, na sehemu ya juu yenye mashine imeshushwa na kupelekwa nchi kavu. Kinachobaki ni nguzo tupu. Hizo huangushwa palepale, hukatwa juu, au huvutwa hadi eneo lililotengwa, na kwa kawaida huachiwa kama mita 26 za maji juu yake ili meli zipite salama. Halafu kuna pesa. Kampuni iliyoepuka gharama ya kuuondoa mtambo wote hulipa jimbo takriban nusu ya kile ilichookoa, na jimbo ndilo hubeba dhamana ya mwamba huo. Kwetu nani atalipa? Nikiuliza hivyo mkutanoni, watu huanza kuangalia simu.

Hizo mita 26 pekee zinatosha kuwanyamazisha wabishi. Upande huu wa Ghuba ya Winam, pembe yetu ya Ziwa Victoria, kuna sehemu nyingi zenye mita chache tu za maji. Bodi la matatu hapo litagongwa na boti kabla halijaonwa na samaki.

Kikundi kimoja kiliniita nikakague bodi ambalo, kwa maneno yao, lilikuwa "safi kabisa". Fundi alilegeza bolti ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, oili nyeusi ikachuruzika mpaka kwenye kandambili zake. Chini ya viti sponji ilikuwa imeoza, nyaya zimening'inia, na rangi ilibanduka kwa ukucha. Yote hayo yangeishia kwenye maji tunayochota. Matairi nayo msiyaguse. Florida ilitupa takriban milioni mbili baharini katika miaka ya 1970, kamba zikakatika, matairi yakasukumwa na mawimbi hadi kwenye matumbawe hai, na kazi ya kuyatoa imewachosha watu kwa miongo.

Mzee mmoja mvuvi aliuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu yoyote: "Wavu wangu ukinaswa hapo, nimdai nani?" Wavu uliokatikia chini huendelea kuua samaki bila mwenyewe.

Hata wataalamu wa bahari bado wanabishana kama mitambo hiyo huzalisha samaki zaidi au huwakusanya tu mahali pamoja. Nchi za kaskazini-mashariki mwa Atlantiki ziliamua mwaka 1998 kwamba mitambo iondolewe, isipokuwa michache yenye kibali maalumu. Kwetu mimi naegemea upande wa "huwakusanya". Omena ni samaki wa maji ya wazi, bodi halimhusu. Ngege, yaani tilapia, atakuja, na kila mwenye mtumbwi atajua yuko wapi.

Ushauri wangu ni kwamba nguvu hizo ziende kwenye mafunjo ya Dunga. Samaki wadogo hujificha humo bila kudai saruji, na kuyalinda kunahitaji makubaliano ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, kuhusu nani anakata, wapi na lini. Ombi la namna hiyo naliandika kwa moyo mmoja.

Mkishikilia kuzamisha, anzeni na afisa wa uvuvi, kisha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa tathmini ya athari kwa mazingira, na muwaone watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kuhusu kina na sakafu ya mahali mnapopataka. Kwenye bajeti wekeni mstari wa kukitoa kitu hicho majini, na jina la atakayewajibika. Bila mstari huo mimi siandiki.