Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo roboti ya kufagia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikacheka peke yangu. Unauliza kama roboti ya kufyonza vumbi itawafaa ninyi mnaotoka alfajiri na kurudi watoto wameshasinzia kwenye kochi, au ni kidude cha kuchezea watu wazima tu. Mimi ninayo mwaka wa tatu sasa, basi nikwambie niliyoyaona.

Itawafaa, ila si kwa kazi unayoifikiria. Hebu ziangalie jioni zenu. Kufagia sebule kunakuchukua dakika ngapi, kumi? Kinachokumaliza ni kuokota: soksi, kalamu za rangi, vifuniko vya chupa, waya wa chaja. Na roboti haiokoti. Yangu siku ya pili tu ilimeza kamba ya kiatu cha baba yako, ikakiburuta hadi uvunguni mwa kitanda, ikakwama huko ikilia mpaka betri ikaisha. Mzee alikitafuta kiatu asubuhi nzima, akiniangalia kwa jicho la pembeni.

Lakini tangu siku ile kila mtu humu ndani anaokota vyake kabla ya kulala, kwa kuwa mashine inaanza saa nne asubuhi, utake usitake. Mimi nilisema miaka ishirini hamkunisikia. Kidude chenyewe hakikusema neno.

Usinunue ile ya bei ya chini kabisa. Roomba za mwanzo, zile roboti za kufagia za kampuni ya iRobot za mwaka 2002, zilikuwa zikigonga ukuta zinageuka, zinagonga tena, na za bei rahisi hadi leo nyingi hutangatanga hivyo hivyo kama kuku mgeni. Tafuta yenye leza. Hiyo hupima umbali hadi ukutani, ikachora ramani ya nyumba, kisha ikapita mstari kwa mstari kama mtu anayelima. Kwenye simu unaweza kuizuia isiingie pale kwenye nyaya za televisheni. Hela yako iishie hapo. Habari ya kupiga deki isikubabaishe. Yangu hukokota kitambaa chenye maji tu, na doa lililokauka huliacha vilevile. Ndoo na tambara bado ninavyo.

Kuna jambo la zulia lenu jeusi. Chini ya roboti mna vihisi vinavyopiga sakafuni mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mwanga usiporudi, inajua imefika ukingo wa ngazi, inarudi nyuma. Sasa zulia jeusi linaumeza ule mwanga. Huenda ikasimama pembeni ya zulia lenu kama mtu aliyefika ukingo wa korongo, isikanyage hata mara moja. Ukinunua, hakikisha dukani wanakubali kuirudisha.

Na ujue haijihudumii. Kila Jumamosi naipindua, naichomoa brashi na kuikata nywele kwa mkasi mdogo wa kucha. Hujiviringisha kwenye ncha za ekseli, kile chuma kinachozungusha brashi, zimekazwa pamoja na nyuzi za nguo mpaka zinakuwa kama pete ngumu, na usipozitoa, brashi inazunguka kwa shida. Kikasha cha vumbi ni kidogo, hujaa siku hiyo hiyo. Kona nazo haifiki. Yenyewe ni duara, kona ni kona. Fagio usilitupe.

Mkimchukua yule mtoto wa mbwa mnayemsema, msiiache ikijiwasha wakati hampo nyumbani. Sitaeleza zaidi, fikiria mwenyewe.

Kwa upande wangu nisingeirudisha. Vumbi la uvunguni nililokuwa nalipigia magoti mara moja kwa mwezi, sasa linatolewa kila siku nami nikiwa sipo. Mgongo wangu unajua tofauti.

Kabla ya kutoa hela, chukua rula upime kizingiti cha chumba cha watoto. Nyingi hupanda kama sentimita 2, zaidi ya hapo zinabaki zikigonga mlango. Uniandikie umepata ngapi.

Nakupenda,
Mama yako