Muulize Mama Ukumbi: Viti vipo, vyoo je?

Barua za safari hii ni nyingi kwa sababu msimu wa mikutano mikuu umeshika kasi na kila katibu anahangaika na ukumbi. Mimi nipo hapahapa Arusha, kazi ni ileile ya kupanga kumbi na kugombana na wapambaji. Wanaouliza bei: bei siandiki gazetini. Ombeni ankara kifani (ile proforma), yenye muhuri, na msome mpaka mstari wa mwisho. Haya mengine tuongee.

SWALI: Shikamoo Mama Ukumbi. Ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Moshi. Mkutano mkuu tunategemea wanachama 500, na 300 kati yao ni akina mama. Tumepata ukumbi ambao mwenyewe anasema unaingia watu 600. Bodi inataka kila mwanachama awe na meza ya kuwekea kabrasha, chakula kiliwe humohumo, na uchaguzi ufanyike humohumo. Je, tulipe kianzio?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza.

Hao 600 ni watu waliokaa mkao wa sinema: kiti kimegusana na kiti, wote wanatazama mbele, meza hakuna. Ndivyo kumbi zinavyotangazwa, kubwa kwa ndogo. Ukisikia Ukumbi wa Simba hapa AICC, kituo chetu cha mikutano cha kimataifa Arusha, una viti 1,350, au ule wa Selous katika Kituo cha Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam una viti 1,003, hiyo ni hesabu ya viti. Mkao wa sinema mtu mmoja anachukua kama mita moja ya mraba, pengine pungufu. Mpe meza mbele yake, mkao wa darasa, anameza karibu mita mbili. Meza za duara za kulia zipo katikati: ile yenye upana wa mita 1.8 inakalisha watu 10, na kila mmoja anataka kama mita moja na nusu.

Kwa hiyo wanachama wako 500 wenye meza wanahitaji kama mita 1,000 za mraba, na ukumbi wako ukizidi sana una 600. Bado hujatoa jukwaa, meza kuu, sehemu ya fundi mitambo, njia ya katikati ya mgeni rasmi, na kona ya mpiga picha, ambaye siku hizi haji peke yake, anakuja na vijana wanne na taa zao. Mwambie mwenye ukumbi akupe vipimo kwa mita na mchoro wa mpangilio wa viti. Kisha nenda mwenyewe ukaangalie nguzo. Viti vilivyo nyuma ya nguzo navyo vimo kwenye ile 600, na mwanachama atakayekaa hapo ndiye atakayesimama kwenye mengineyo kulalamika kwamba hakusikia taarifa ya mapato na matumizi.

Ushauri wangu: kaeni mkao wa sinema, kila mtu apewe kabrasha lenye jalada gumu la kuandikia juu ya goti. Chakula kihamie nje, chini ya turubai. Meza moja ya bufe kwa kila watu 100, na ichukuliwe pande zote mbili. Kwa hiyo meza tano, si mbili kama mpishi atakavyotaka kukuambia. Uchaguzi ufanyike ukumbini, lakini wapiga kura waingie mlango mmoja na kutokea mwingine. Ukumbi wenye mlango mmoja tu unaofunguka, achana nao hata kama ni bure. Na hiyo si kwa ajili ya kura peke yake. Moto ukitokea, huo mlango mmoja ndio utakaowaua. Milango yote ya dharura jaribu kuisukuma kwa mkono wako, maana mingi nimeikuta na kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo ameenda kunywa chai.

Sasa vyoo, maana umesema akina mama ni 300. Tuseme vyoo vya wanawake vipo sita, na nusu yao ndio watakaokwenda wakati wa chai. Hao ni 150, kila choo watu 25. Kila mtu akitumia dakika moja na nusu tu, na vitenge na watoto mgongoni hiyo ni haraka sana, mtu wa mwisho anatoka baada ya dakika 37 na nusu. Ratiba yako nina hakika imeandika "Chai: dakika 15". Ndiyo maana akidi inapotea baada ya chai. Wanachama hawajatoroka, wapo kwenye foleni. Ongeza muda, au waombe wageuze choo kimoja cha wanaume kiwe cha wanawake kwa siku hiyo. Kibao cha karatasi na gundi kinatosha, hakuna haja ya azimio la bodi.

Mwisho kabisa, uliza mmekodi kuanzia saa ngapi. Ukumbi wa saa moja asubuhi hauwezi kupambwa saa moja asubuhi. Usiku wa maandalizi kuna kumbi zinautoza na nyingine zinausamehe ukiomba mapema. Omba mapema.

SWALI: Salamu nyingi mama, kutoka Bujumbura. Mimi ni mwalimu, nilialikwa kwenye mkutano wa kanda hapo Arusha. Nilipewa kifaa cha kusikilizia tafsiri, wakashika pasipoti yangu. Nikitoka nje kupokea simu sauti inakatika. Hata ndani mara nyingine ilikuwa inakwaruza. Na kwa nini kwenye kile kibanda cha vioo wanakaa watu wawili na anaongea mmoja?

JIBU: Karibu sana mwalimu, na nimefurahi kupata barua kutoka Bujumbura. Mji huu na nchi yako vina historia: Mkataba wa Amani wa Burundi ulisainiwa hapa tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu Nyerere akiwa ameshafariki na usuluhishi ukiwa mikononi mwa Mandela.

Kifaa chako hakikuwa kibovu. Kumbi nyingi kubwa hurusha sauti ya wakalimani kwa mwanga usioonekana kwa macho, ndugu yake ule wa rimoti ya televisheni. Kuna vibao vyeusi vimefungwa ukutani, pengine hukuvitilia maanani, vinamulika ukumbi mzima, na kifaa chako kina kijicho cha kupokelea. Mwanga haupenyi ukuta. Ukitoka mlangoni, umekatika. Na hilo limefanywa makusudi: wajumbe wakijifungia ndani kujadili jambo zito, mtu aliyeko kwenye gari pale nje hawezi kuwanasa, jambo ambalo kwa mawimbi ya redio linawezekana. Ile mikwaruzo ya ndani, nadhani ulikiweka mfukoni halafu ukafunga koti. Kiache kining'inie shingoni, kijicho kikitazama mbele. Na usikae kwenye dirisha linalopigwa na jua, maana jua nalo linaleta mwanga wa aina hiyo na kukivuruga.

Pasipoti usimpe mtu tena. Mpe beji ya mkutano au kitambulisho chochote kisicho cha kuvukia mpaka. Naelewa kwa nini wanashika kitu: vifaa ni ghali na wajumbe husafiri navyo mifukoni mpaka kwao. Lakini mimi pale mapokezi sipokei pasipoti, na anayeipokea hajui anabeba mzigo gani ikipotea.

Wakalimani ni wawili kwa sababu kusikia lugha moja na kusema nyingine kwa wakati mmoja kunachosha ubongo vibaya mno. Hupokezana kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Yule aliyenyamaza hajapumzika kwa kweli, anamwandikia mwenzake tarakimu na majina ya watu. Mkileta mkalimani mmoja kwa siku nzima ili kubana matumizi, baada ya chakula cha mchana mtakuwa mnasikiliza kitu kingine kabisa.

Pengine mkalimani wa lugha yako haielewi lugha ya msemaji. Hapo huchukua kwa mwenzake wa kibanda cha pili. Ile Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa kwenye jengo letu la AICC mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na katika miaka yake ya mwanzo shahidi alisema Kinyarwanda, kikapelekwa Kifaransa, ndipo Kiingereza kikachukuliwa kwenye Kifaransa. Hakimu wa Kiingereza alipata jibu la mkono wa pili, tena likiwa limechelewa. Kwenye mikutano ya kawaida utaligundua jambo hili mgeni rasmi akitania: upande mmoja wa ukumbi unacheka, na upande wa pili unacheka yeye akiwa ameshaanza kusoma habari za bajeti.

Siku hizi Kiswahili nacho kina kibanda chake. Umoja wa Afrika umekikubali kiwe lugha yake ya kazi tangu 2022. Basi nanyi wenye hotuba zipelekeni kwa wakalimani jana yake. Hata zile ambazo bado hazijasahihishwa.

SWALI: Habari yako mama. Sisi ni vijana wa Nairobi, tunazindua programu yetu ya simu mbele ya watu kama 700. Kila mtu ataipakua papo hapo ukumbini. Ukumbi umetuahidi Wi-Fi ya kasi na jenereta. Tuko sawa?

JIBU: Njema, wanangu. Hamko sawa bado.

Kasi ya laini inayoingia jengoni si kitu, kama mitambo ya kuigawa ndani ni miwili na watu 700 wana simu mbilimbili. Ulizeni: ndani ya ukumbi huu mitambo ni mingapi, na mkutano wa mwisho uliunganisha simu ngapi kwa pamoja? Wakibabaika, gaweni upakuaji kwa zamu, au mufanye mlangoni wakati watu wanajiandikisha. Kompyuta ya jukwaani isiguse Wi-Fi hata kidogo. Ipate waya wake.

Jenereta nayo inachukua sekunde kadhaa kuwaka. Sekunde hizo zinatosha kuzima projekta, na projekta zenye taa za zamani hazirudi mpaka zipoe. Ombeni UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kwa projekta, kompyuta na mitambo ya sauti.

Kama mnafikiria KICC, kile kituo cha mikutano cha hapo Nairobi, fahamuni kwamba ile amfitheata ya duara ina viti vya ngazi visivyohama. Ni pazuri kwa kusikiliza, si kwa meza za maonyesho. Ukumbi wa Tsavo, humohumo KICC, ndio wenye sakafu ya kupangapanga.

SWALI: Mama Ukumbi, shikamoo. Natumia kiti cha magurudumu, naishi Mwanza. Nimealikwa kupokea tuzo kwenye kongamano. Nimechoka kufika mahali nikaambiwa "tutakubeba". Niulize nini kabla sijakata tiketi?

JIBU: Marahaba baba, na hongera kwa tuzo.

Usiwaulize kama ukumbi unafikika. Kila mtu atasema ndiyo. Waulize njia nzima, kutoka unapoteremka kwenye gari mpaka choo, na waambie wakupigie video wakitembea. Rampu inayofaa, yaani mteremko wa kupitishia magurudumu, hupanda kimo kimoja kwa urefu wa 12: ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180. Nyingi ninazoziona ni ubao uliolazwa juu ya ngazi, hata mbuzi angesita. Mlango uwe na nafasi wazi isiyopungua sentimita 80. Lifti waulize kama inafanya kazi wikiendi, maana kuna majengo ambayo yule anayeiwasha hayupo Jumamosi. Choo chenye alama ya kiti cha magurudumu waambie wakifungue na kamera iwe inawaka. Hapo ndipo ndoo na mafagio hupenda kuhifadhiwa.

Lakini kinachosahaulika kuliko vyote ni jukwaa. Utaingia vizuri, utakaa vizuri, kisha jina lako litatajwa na mbele yako kuna ngazi nne. Jukwaa la sentimita 60 linataka rampu ya mita 7.2, na hakuna mpambaji atakayekubali kuvuruga maua yake kwa ajili hiyo. Mimi nikiwa napanga, namwambia mshereheshaji tuzo zote zitolewe chini, kwa kila mtu, na mgeni rasmi ashuke. Anashuka, na picha zinatoka nzuri zaidi. Waombe hivyo kwa maandishi, na utaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ukiitaja, barua hujibiwa upesi.

SWALI: Assalaam aleikum. Tunatoka Unguja, tuna mafunzo ya siku tatu Dar es Salaam, Jumatano hadi Ijumaa. Pahala pa kuswali tunapataje?

JIBU: Waaleikum salaam. Kituo kikubwa kina chumba, ila mara nyingi kimejaa viti vilivyovunjika. Kiombeni mapema, kwenye barua ileile ya ukumbi. Kibla kwa Dar es Salaam ni kaskazini, kama kwenu. Shida ni udhu. Watu wakiinua miguu kwenye beseni la kunawia, sakafu inalowa, na anayekuja nyuma na viatu vya visigino anateleza. Ombeni bomba la chini, kigoda, kandambili jozi kadhaa na mtu wa kupiga deki. Na Ijumaa ratiba ikatike saa sita na nusu mpaka saa nane. Msiwaachie waandaaji wakasema watu "watachopoka tu".

SWALI: Mama, sisi wa Bukoba tunataka washiriki waonje senene zetu. Ukumbi umekataa chakula cha nje.

JIBU: Wana haki. Watu wakiharisha, mpishi wa ukumbi ndiye atakayeulizwa, na hatakubali kuulizwa kuhusu sufuria asiyoipika yeye. Lakini zikiwa kavu, zimefungwa vizuri kwenye pakiti, ziwekeni ndani ya mkoba wa kabrasha pamoja na kalamu na daftari. Hiyo ni zawadi, hakuna wa kuikataza. Zangu ziacheni mapokezi.