Spea za gia za Peugeot ya zamani: usiuze baiskeli, pima kwanza

Yakhe nimesoma swali lako, ati una Peugeot ya resi ya miaka ya sabini, gia 10, umeachiwa na mjomba, ukikanyaga pedeli inazunguka bure na direila ya nyuma ya Simplex, kile kifaa cha kuhamisha cheni, imepasuka, na fundi amekwambia spea zake hazipo tena uuze chuma kilo ununue mountain bike. Tafadhali usiuze. Mimi naendesha resi ya zamani hapahapa Mombasa, naingia nayo kisiwani kazini, na gia zake zimetoka kwa makampuni tofauti kabisa na zinaingia vizuri. Spea zipo, ila ukienda dukani ukauliza "mna ya Peugeot?" utaambiwa hakuna, na ni kweli, manake gia za Peugeot zile zilitoka kwa wengine, Simplex, Atom, Maillard, Stronglight na wenzao. Sasa achana na jina, tafuta vipimo.

Anza na fraiwili, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni. Miguu kuzunguka bure gurudumu likakaa palepale mara nyingi sio kuisha, ni vile vikucha vya ndani vimeganda, na hapa pwani hewa ya chumvi inafanya grisi kuukuu na kutu kuwa kitu kimoja, hasa baiskeli iliyokaa imeegeshwa ukutani miaka. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa kwenye upenyo wa mbele wa fraiwili huku unaizungusha kinyume, rudia mpaka yatoke masafi, acha ikauke halafu tia oili nyepesi. Ukiskia tik tik imerudi umeshaokoa pesa. Lakini kama cheni ndo inaruka meno kwa kishindo ukipanda daraja la Nyali, hilo ni jambo lingine, meno yamelika na hapo inabadilishwa.

Na hapa kwenye kubadilisha ndo watu wanaharibu habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa hivyo skiza vizuri. Fraiwili inafungwa kwa thredi kwenye habu, na Wafaransa walikuwa na thredi yao, kipenyo milimita 34.7 na hatua, yaani umbali wa thredi moja mpaka nyingine, ya milimita 1, wakati fraiwili karibu zote unazouziwa leo ni za Kiingereza, zimegongwa "BC 1.37 x 24" kwa nyuma, yaani inchi 1.37 na thredi 24 kwa kila inchi. Ukizigeuza kwa milimita zinatoka karibu 34.8 na 1.06. Umeona zilivyo karibu? Ndo maana ya Kiingereza inakubali kuingia kwenye habu ya Kifaransa mizunguko kadhaa halafu inakaza, fundi anaona ni kutu anaongeza nguvu, na thredi za habu zinakwenda zote. Njia ya kujua bila kifaa cha bei ni hii: nenda kwa yoyote anayetengeneza bodaboda au tuktuk umuombe bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10. Thredi yake ya kawaida ni hatua ya milimita 1. Ilaze juu ya thredi za habu uangalie kwenye mwanga. Zikikaa meno kwa meno mwanzo mpaka mwisho habu ni ya Kifaransa, zikianza kuachana, ukifika thredi ya kumi zimepishana nusu nzima, basi ni ya Kiingereza na umepona, nunua fraiwili yoyote ya gia 6 ya kufunga kwa thredi. Peugeot walikuja kuacha vipimo vya Kifaransa kuanzia miaka ya 80, hiyo yako ya sabini nakwambia mapema jiandae kwa Kifaransa.

Ikiwa ni ya Kifaransa usihangaike kutafuta fraiwili yake. Tafuta habu ya thredi ya Kiingereza kwenye gurudumu la mtumba, hesabu mashimo ya spoki yawe sawa na ya rimu yako, mpe fundi asuke upya. Rimu yako inabaki, breki hazisumbuki.

Kuifungua ya zamani pia kuna adabu yake. Kila kampuni lilikuwa na ufunguo wake, mengine ya pengo mbili, mengine ya meno madogo ndani, na usiruhusu mtu aje na tindo na nyundo kabla hujaamua kama habu unaitaka. Ufunguo ukipatikana ubane na nati ya ekseli usiteleze, uweke kwenye vaisi, halafu shika gurudumu lenyewe kama usukani wa lori uzungushe kinyume cha saa. Ikilegea kidogo tu legeza na ile nati. Na unapofunga mpya paka grisi kwenye thredi, kwa hewa yetu hii usipopaka, atakayeifungua siku ya pili atakulaani.

Upana wa fremu nyuma pima na rula, ndani kwa ndani pale ekseli inapokaa. Za gia 5 huwa milimita 120, za gia 6 na 7 huwa 126, resi za baadaye 130. Fremu ya chuma kutoka 120 kwenda 126 inapanuka kwa usalama ikifanywa taratibu pande zote mbili sawa, ya aluminiamu usijaribu kabisa.

Direila ndo rahisi kuliko wanavyokutisha. Sikio la fremu la Simplex, pale direila inapofungwa, lina tundu laini lisilo na thredi, direila za leo zinataka thredi ya milimita 10 hatua 1. Fundi wa leth mwenye tepu, ile ya kukata thredi, ya kipimo hicho anakukatia muda mfupi, tundu la milimita 9 tayari ndo saizi ya kuanzia, ila utaona halina kile kituo cha kuzuia direila isizunguke, mwambie akichonge kwa faili. Kama hutaki kugusa fremu ya mjomba, na mimi nisingeigusa, nunua Shimano Tourney ile inayokuja na sikio lake la kubana kwenye ekseli. Ni ya bei ndogo na inafika meno mengi kuliko Simplex yako ilivyofika hata ikiwa mpya.

Wataniambia direila ya Shimano haiendani na leva za Simplex, zile za kubadilishia gia. Inaendana, manake leva zako hazina tik tik, zinashika kwa msuguano tu, mkono wako ndo unaamua cheni ikae wapi. Mambo ya lazima leva, direila na fraiwili ziwe ukoo mmoja yalikuja na SIS, mfumo wa Shimano wa gia za tik tik, kwenye gia zao za Dura-Ace za 1984. Leva hizo usizitoe hata ukiambiwa ni mzigo, ndo zinakupa uhuru wa kuchanganya.

Cheni nunua yoyote ya gia 6 mpaka 8, ya gia 9 ni nyembamba bila sababu. Meno ya mbele yakiwa hayajachongoka yaache. Yakiisha, na krenki yako, mkono wa pedeli unaoshika meno hayo, ikiwa ya bolti tano, pima kutoka kati ya bolti moja mpaka ya jirani yake kwa milimita, zidisha kwa 1.7: ukipata 122 ni Stronglight ya zamani, 130 ni ya kawaida ya resi na inapatikana, 144 utasubiri parcel ya Nairobi na huenda hata huko isiwepo.

Sasa fanya hivi, kabla hujatoa hata shilingi weka hapa jibu la ile bolti ya milimita 6, upana wa nyuma, na picha ya sikio la direila. Nikiziona hizo ntakwambia ununue nini na nini ukiache.