Swali la tasnifu yako limo wodini

Ninyi mnaoanza shahada ya uzamili ya uuguzi, iwe ukunga, wagonjwa mahututi au afya ya akili, mtaambiwa kwamba utafiti ni wa kumaliza tu ili mhitimu. Nami niliingia chuoni na wazo hilo, baada ya miaka kadhaa leba.

Mafaili ndiyo yaliyonibadilisha. Nilichunguza patografu, chati ambayo mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa na njia ya uzazi hupimwa kila saa nne. Nilikaa masijala nikipekua faili moja moja, nikaanza kuona chati safi kupita kiasi: wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna kipimo kilichochelewa hata kidogo. Zilijazwa mama akiwa ameshajifungua. Niliitambua dalili hiyo kwa sababu nami nimewahi kufanya vivyo hivyo, usiku tuliobaki wakunga wawili na vitanda vimejaa. Dodoso lisingeonesha hilo. Wakunga walijibu kwamba wanajua kujaza patografu, na kweli wanajua. Ningeishia kwenye dodoso, ningependekeza semina nyingine kwa watu wasiohitaji semina, wanaohitaji mwenzao wa tatu zamu ya usiku.

Jaribio la E-MOTIVE, lililotangazwa mwaka 2023 baada ya kufanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lilitokana na jambo ambalo kila mkunga analijua: damu inayomtoka mama baada ya kujifungua ikikadiriwa kwa macho, huonekana kidogo kuliko ilivyo. Wahudumu wakampimia mama damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama, na tiba zote zikaanza kwa pamoja mara damu ilipozidi. Kutoka damu kupita kiasi na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Swali la namna hiyo linaweza kuanzia kwako.

Vibali viombeni mapema, cha maadili na cha hospitali, maana ndivyo vinavyokula miezi. Matokeo yapelekeni kwanza kwenye kikao cha asubuhi cha wodi mliyoitafiti, kabla ya jopo la watahini. Wale waliowafungulia makabati wana haki ya kusikia mlichokikuta, na watawasahihisha pale mlipokosea kuelewa.

Tangu leo uwe na kijidaftari mfukoni mwa sare. Kila unachokifanya kwa mazoea bila kujua sababu yake, kiandike na tarehe. Msimamizi akikuuliza mada yako, mfungulie kurasa hizo.